Cherehani Isiyo na Mtumbwi Wake



Safari hii tunaomba ruhusa tuanze na aibu yetu wenyewe. Mara nyingi sisi tulioko ughaibuni tunapozungumza juu ya nyumbani, tunazungumza kama watu wanaodaiwa na wanaolipa. Tunatuma fedha, tunatuma nguo, tunajaza kontena, na kontena likishafungwa mlango tunapiga picha mbele yake. Halafu tunarudi kazini na nyoyo zetu nyepesi. Leo tunataka kuuliza kama wepesi huo wa moyo tunaustahili.

Kikundi chetu si chama cha kuandikishwa. Ni familia sita za hapa Uingereza. Baadhi yetu tunafanya kazi hospitalini, wengine tunabeba maboksi maghalani kama kawaida ya wengi wetu, na mmoja anaendesha basi. Kila mwaka tunachangishana nafasi ndani ya kontena linalokwenda Tanga. Mwaka juzi mmoja wetu alitoa wazo ambalo sote tulilipokea kwa furaha, nalo ni kutafuta cherehani za zamani. Katika nchi hii zimejaa. Utazikuta kwenye maduka ya hisani, utazikuta Jumapili asubuhi kwenye viwanja ambako watu huuza vitu vyao kutoka kwenye buti za magari, na utazikuta kwa wazee wanaohama nyumba kubwa kwenda ndogo. Ziko hata maduka ya nguo ambayo kwa miaka mingi yamezipanga dirishani kwa makumi, zisishone chochote, ziwe pambo tu. Tuliona dhambi kuacha chuma kizuri namna hiyo kikae kama maua ya plastiki wakati nyumbani wapo mafundi wanaokodi mashine kwa siku.

Tukapata kumi na moja. Nzuri kupita zote ilikuwa Singer ndogo ya mkono, nyeusi, yenye nakshi za dhahabu za sanamu ile ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Tuliipangusa, tukaitia mafuta, tukazungusha gurudumu lake. Sindano ikapanda na kushuka bila kelele. Tukaridhika. Tukasema hii apewe fundi mmoja mama wa makamo tunayemheshimu sana, ambaye ndiye aliyetushonea wengi wetu sare za shule.

Simu yake ilikuja baada ya miezi mitatu. Tuliamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza hali ya kila mtoto kwa jina, akauliza baridi, akauliza kazi. Akatushukuru. Akatushukuru tena. Mwisho, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akasema: "Wanangu, mashine yenu ni nzuri kama bibi harusi. Ila haina kile kidude chake cha chini, cha mfano wa mtumbwi. Nimezunguka mji mzima. Mafundi wananicheka, wanasema mashine hii ni ya babu zao."

Tulipomuuliza sasa anashonea nini, alinyamaza kidogo. Alikuwa ameiuza Butterfly yake aliyoitumia miaka mingi, kwa bei ya ndugu, kwa binti wa kaka yake anayeanza kazi. Fedha zile akamlipa seremala amtengenezee meza ya kuikalisha mashine ya Ulaya. Na miezi ile mitatu, ndugu wasomaji, ndani yake ulikuwemo mwezi wa Ramadhani. Kila aliyekulia pwani anajua mwezi huo ni nini kwa fundi cherehani. Ndio mwezi wa kanzu mpya na magauni ya Idi. Anachokipata fundi katika wiki zile nne humsukuma mpaka katikati ya mwaka. Mama yule aliupitisha mwezi huo akikunga kanga kwa mkono.

Tulirudi darasani. Ilitupasa kujifunza kile ambacho tungepaswa kukijua kabla ya kontena kufungwa, na tunakiandika hapa kwa kuwa tunaamini wako wasomaji wenye mashine kama hizo chini ya vitanda vyao.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba "Singer" si jina la mashine. Ni jina la ukoo mzima. Kampuni hiyo ilianza Marekani mwaka 1851, na kiwanda chake kikubwa cha upande huu wa bahari kilifunguliwa Clydebank, Scotland, mwaka 1885, kikafanya kazi mpaka kilipofungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo tena, lakini kituo cha treni cha pale mpaka leo kinaitwa Singer. Mashine za zamani nyingi hazikuandikwa aina yake popote. Zina namba tu, iliyogongwa kwenye kibati au kwenye chuma chenyewe upande wa kulia, karibu na kitako. Namba isiyo na herufi mbele yake ni ya kabla ya mwaka 1900. Baada ya hapo kila kiwanda kilipewa herufi zake. F na Y ni za Clydebank, na vivyo hivyo zile zinazoanza na E ikifuatwa na herufi ya pili. C ilikuwa ya Wittenberge, Ujerumani. G ilikuwa ya Elizabeth, New Jersey. Na ukisikia wajuzi wakisema 15K, 28K, 66K au 99K, ile K inakuambia mashine ilitoka Clydebank, mahali palipoitwa Kilbowie.

Lakini namba hukupa umri na mahali pa kuzaliwa. Haikuambii tabia. Tabia utaijua kwa kufunua sahani ya chini na kutazama uzi wa chini unakaa wapi. Katika aina ya 15, bobini ni ya duara, bapa pande zote mbili, imesimama wima ndani ya kijumba chake. Katika 66, na mdogo wake 99, bobini imelala chali, na ukiitazama vizuri pande zake zimevimba kidogo. Katika 27, 28, 127 na 128 hakuna bobini ya duara kabisa. Upo mrija mwembamba mrefu unaoingia ndani ya kidude kilichochongoka mbele, na kidude hicho huyumba mbele na nyuma chini ya kitambaa kikibeba uzi. Huo ndio mtumbwi aliousema mama. Yetu ilikuwa 28K, yenye herufi F, ya miaka ya 1910. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kupotea kabla haijatufikia, na sisi tulizungusha gurudumu bila kufunua chini.

Mambo hayaishii hapo. Uko mguu unaokandamiza kitambaa. Katika mashine nyingi za nyumbani, kutoka kwenye skrubu inayoshika mguu mpaka chini kwenye sahani ni kama robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi. Vifaa vya kupindia, vya kukunja marinda, vya kutia zipu na vya kushona matundu ya vifungo vilivyotengenezwa kwa kimo hicho vitahama kutoka mashine hii kwenda ile bila ugomvi, hata kama moja ni ya Scotland na nyingine ya Shanghai. Lakini zipo zenye fimbo ndefu zaidi. Zipo zilizoinama, kama 301 iliyotoka mwaka 1952, na mguu wa mashine iliyosimama wima haukai kwake. Zipo 66 za mwanzo ambazo mguu wake hufungwa kwa nyuma badala ya ubavuni. Kifaa ni cha kampuni ileile, kimegongwa SIMANCO, alama ya vipuri vyake halisi, na bado hakiingii.

Na sindano pia. Nyingi hutumia aina ya 15x1, ambayo mafundi wa nyumbani wanaipata bila shida. Lakini 306 iliundwa kwa sindano ya 206x13. Ukiitia ile ya kawaida inaingia vizuri, inakazika vizuri, kisha inaanza kugonga vyuma vya chini mpaka ivunjike yenyewe au iharibu ndoana. Tunautaja mfano huu kwa makusudi. Kitu kisichoingia kabisa hukuonya mapema, lakini kile kinachoingia bila kulingana hukuacha uendelee mpaka kiharibike.

Basi tukakaa tena Jumapili, na swali likawekwa mezani. Je, tulimkosea mama yule?

Mmoja wetu alisema hapana, na tunaandika hoja yake kwa haki kwa sababu si ya mtu mbaya. Alisema: sisi tulitoa kwa nia njema. Wahenga walinena kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hatukumwambia auze mashine yake. Tulimpa kitu, hakikumpunguzia kitu, na kama kina kasoro basi alikuwa palepale alipokuwa jana. Aliyeuza ni yeye, kwa uamuzi wake. Ukianza kumlaumu mtoaji kwa kila kinachofuata baada ya zawadi, hakuna atakayetoa tena.

Hoja hiyo ilitushika kwa muda. Kisha mwingine, yule wa basi, akauliza: "Kwa nini aliiuza Butterfly?" Jibu tulilijua sote. Aliiuza kwa kuwa alituamini. Zawadi haikufika peke yake. Ilifika pamoja na jina letu, na jina la Ulaya, na ile dhana kwamba watu walioko huku hawawezi kutuma kitu ambacho hawakukihakikisha. Kama mpita njia angemwachia mlangoni mashine ileile, mama asingeuza chochote mpaka aijaribu. Imani yake kwetu ndiyo iliyomfanya asijaribu. Basi hatuwezi kusema tulimpa chuma tu. Tulimpa chuma na neno, na neno letu lilikuwa na kasoro kuliko chuma.

Hapo ndipo tunapoona methali ile imebeba nusu ya habari. Kutoa ni moyo, naam, ili maskini asione haya kutoa kidogo na tajiri asijidai kwa kutoa kingi. Lakini wahenga haohao walisema pia chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Moyo husukuma, lakini jahazi halitelezi juu ya mchanga kwa moyo. Lazima mtu aweke magogo chini yake. Moyo wetu ulikuwepo, na hatukuwa tumeweka gogo hata moja.

Tukajiuliza zaidi: cherehani ni nini hasa? Gandhi, ambaye aliwahi kuitilia shaka sana mitambo mikubwa, mwaka 1924 aliitoa cherehani ya Singer katika lawama hiyo, akaihesabu miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyopata kubuniwa. Tunadhani tunaielewa sababu. Cherehani haimgeuzi mtu kuwa mtumishi wa kiwanda. Inamwacha nyumbani kwake, na mkono wake unabaki kuwa bwana. Lakini ubwana huo una sharti, kwamba sindano ikivunjika apate nyingine dukani, na bobini ikipotea apate nyingine kwa bei ya mkate. Cherehani ambayo kipuri chake kinapatikana ng'ambo tu imemwekea fundi bwana mwingine, na bwana huyo ni sisi. Kila kitakapopotea kitu itabidi apige simu, aulize hali za watoto wetu mmoja mmoja, ashukuru mara mbili, ndipo aombe.

Ukweli unaotuumiza zaidi ni huu. Miongoni mwa zile kumi na moja zilikuwemo 15K mbili, hazina nakshi wala sanamu, moja imechubuka rangi ubavu mzima. Butterfly za Shanghai zilizojaa nyumbani zilifuata umbo la aina hiyohiyo ya 15. Bobini zake, kijumba chake, sindano zake, miguu yake, fundi yeyote wa sokoni anazijua akiwa amefumba macho. Mashine ile iliyochubuka ndiyo ingemfaa mama. Tuliipanga nyuma kabisa ya kontena kwa kuwa tuliionea haya. Tukampa ile iliyotupendeza sisi. Tulichagua kwa jicho la dirisha la duka, jicho lilelile tulilokuwa tukililaumu.

Ilibidi tutafute mtumbwi. Tulibahatika, au tuseme tuliingia katika mtihani wa pili. Mwanamke mmoja mzee wa Kiingereza alikuwa ametupa miezi ile 128K ya marehemu mama yake, pamoja na kisanduku cha vifaa. Chuma chake kilikuwa na ufa mkubwa na hakikuweza kushona tena, lakini mtumbwi wake ulikuwa mzima, na 128 na 28 mtumbwi wao ni wa aina moja. Tulikuwa tumemwahidi kwamba mashine ya mama yake itashona tena Afrika. Je, kuichomoa kiungo kimoja na kuupeleka mwili wake kwenye chuma chakavu ni kutimiza ahadi au kuivunja?

Baadhi yetu walisema asiambiwe, asije akahuzunika bure. Tulikataa, kwa kuwa tulikwisha kuona gharama ya kuamua kwa niaba ya mtu. Tukampigia. Alisikiliza, akasema chukueni kinachofaa. Kisha akauliza kama anaweza kurudishiwa kile kisanduku, kwa kuwa ndani ya kifuniko mama yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kila kifaa kinatumikaje.

Sasa vifaa vile vilikuwa vya kimo cha kawaida. Vingeingia kwenye 15, vingeingia kwenye Butterfly. Kifaa cha kupindia pekee kingemwokolea fundi saa nzima kwa siku. Tukabishana vikali. Mmoja alisema mwandiko wa marehemu haumshibishi mtu. Mwingine alisema tumrudishie kisanduku kitupu, tubaki na vifaa. Mwisho tulimrudishia vyote. Hatuna hakika hata leo kama tulifanya sawa. Tunachoweza kusema ni kwamba tulikuwa tumetoka kumkosea mpokeaji kwa kutomuuliza anachohitaji, na tuliogopa kumkosea mtoaji kwa kumwona kama ghala tu. Zawadi ina watu wawili, na msafirishaji aliyeko katikati ana kishawishi cha kujiona yeye ndiye mwenye mali.

Mtumbwi ulisafiri na msafiri mmoja, umefungwa ndani ya soksi, ukafika wiki mbili baada ya Idi. Mashine inashona. Inashona kwa upole, uzi umenyooka, mama mwenyewe anaisifu. Lakini haikai kwenye ile meza ya seremala. Hapo ipo Butterfly nyingine, ameichukua kwa mkopo, maana wateja hawakungoja. Tulijichangisha tukaumaliza mkopo uliobaki. Tunaliita hilo deni, kwa sababu ndilo jina lake. Mwezi wa Ramadhani uliopotea hatukuweza kuurudisha.

Tangu hapo tuna desturi mpya, na tunaieleza si kwa kujisifu bali ili atakayetaka aichukue. Kabla ya kutafuta chochote, tunampigia fundi na kumuuliza anatumia nini na jirani yake anatumia nini. Kila mashine tunaifunua chini, tunaandika namba yake, tunashona nayo kitambaa cha urefu wa mkono, na kitambaa hicho tunakifunga kwenye mashine kiende nayo kama ushahidi. Kila moja inakwenda na sindano za akiba, bobini za akiba, na mkanda kama ni ya miguu. Isiyo na kitu tunaandika wazi kwa Kiswahili: haina hiki, usiuze yako. Zenye sanamu za dhahabu tunawauzia Waingereza wenye madirisha, na fedha yake inanunua vipuri Tanga kwenyewe. Tumekubali kwamba cherehani kukaa pambo si dhambi siku zote, ikiwa pambo hilo limemlipia fundi sindano.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalipatia dawa. Mama yule alikaa miezi mitatu bila kusema. Hakuwa mwoga. Alikuwa na adabu. Kwetu sisi aliyepewa halalamiki, na adabu hiyo tumefundishwa sote na tunawafundisha watoto wetu. Lakini ndiyo iliyomgharimu Ramadhani nzima. Tunaipendaje adabu hiyo bila kujificha nyuma yake? Tunamwambiaje mtu mzima, aliyetushonea sare tukiwa na meno ya utoto, kwamba ana haki ya kutukataza?

Tulijaribu. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukimuaga kwenye simu, tulimwambia: "Mama, safari ijayo tukileta kisichofaa, tafadhali tuambie siku hiyohiyo." Akacheka. Akasema, "Inshallah wanangu." Kisha akatushukuru tena kwa mtumbwi.

Wasomaji wetu mliozoea kutuma, na zaidi nyinyi mliowahi kupokea, tungependa kusikia mnasemaje.